Mbwa Haondoki, Baba

Hewani, Garsen
Ijumaa, 6 Septemba 1957

Kwa baba yangu mheshimiwa, Mwalimu Omar,

Shikamoo, baba. Naomba salamu hizi zikukute mzima wa mwili na moyo, na goti lako la kushoto liwe limekuachia ukasali kwa raha. Wanafunzi wako je, bado wanajaa barazani? Na shangazi Mashavu anaendeleaje na macho yake? Mwambie dawa niliyomwahidi bado naitafuta, asidhani nimemsahau. Sisi huku hatujambo. Buya mume wangu ni mzima na anakushika mkono. Mpunga wote umeingia ghalani, mto umeshuka hadi mchanga unaonekana ng'ambo, na mbu mwaka huu wamekuwa na adabu kidogo.

Barua yako niliipata juzi kwa mkono wa dereva wa lori lililoshusha mizigo kivukoni. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, na mara ya tatu nikamtuma Buya dukani akaninunulie karatasi.

Umeniandikia kwamba umesikia binti wa Mwalimu Omar anafuga mbwa, na kwamba mbwa huyo amewauma watu wazima na heshima zao. Ukasema utashuka huku Mfunguo Sita tusome Maulidi pamoja, lakini ukimkuta mbwa bado yupo hutakanyaga mlango wangu. Utageuza mtumbwi ukaombe maji ya kunywa kwa mtu mwingine. Baba, nakujibu mapema ili usiisome barua hii yote kwa wasiwasi. Mbwa haondoki. Nataka uje, nataka sana. Tangu tumzike ndugu yangu Tahir ni miaka miwili sasa, na sijauona uso wako. Nimekutengea mchele mpya na kuku wawili. Lakini mbwa haondoki. Sasa kaa nikueleze, na kwa kuwa hii ni barua, leo hutaweza kunikatiza.

Kwanza, waliokuletea habari wametia chumvi. Mbwa haingii nyumbani mwangu na chombo chetu cha kulia hakigusi. Analala shambani, chini ya dungu, lile jukwaa la miti tunalokalia tukiamia ndege, na kazi yake ni kufukuza nguruwe na nyani. Kabla hajaja, nguruwe walitumalizia ndizi na mahindi msimu mzima, na hakuna hata mmoja kati ya hao wasemaji aliyekuja kuniletea kibaba cha unga. Tena ulitufundisha wewe mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye ngozi yako ya mbuzi, kwamba mbwa wa kulinda shamba, wa kuchunga mifugo na wa kuwinda ana ruhusa. Wavulana walikuwa mbele na mimi nimeegemea ukuta nyuma yao, lakini masikio yangu hayakuwa yameziba.

Jina lake ni Watachoka. Sikumpa mimi. Jinsi nilivyompata nitakueleza mwishoni, usiniharakishe.

Alipofika alikuwa mifupa na hofu tu. Hakula mbele ya mtu. Nikiweka chakula ilibidi niondoke hadi kwenye migomba, ndipo anyooshe shingo. Wewe wajua tunavyoamia ndege, kwa madebe, makombeo na makelele. Debe moja likilia, anajikojolea palepale. Hata hivyo watoto hakuwagusa, wala wanawake, wala wafugaji wa Kiorma wanaopita na ng'ombe wao. Nikasema kimoyomoyo, huyu atapona.

Kisha ikaja Ijumaa moja mwaka huu, baada ya mvua. Mwadhini wetu alipita ukingoni mwa shamba akienda msikitini, kanzu yake nyeupe pe na bakora mkononi. Watachoka alitoka chini ya dungu kimya kimya, bila hata kubweka, na kanzu ikapasuka hadi kiunoni. Ijumaa ya pili akamrukia mzee mwingine. Ijumaa ya tatu kijiji kilikuwa kimeshakata shauri. Walisema mbwa huyu anachukia dini, kwamba mbona wenye kaptura hawaumi, kwamba lazima amefundwa na Wakristo. Mmoja akaapa alimwona misheni akiwa mtoto wa mbwa. Watu wazima, baba, wenye ndevu, walikaa wakalisema hilo bila kucheka.

Wakristo wa hapa, ambao ni nusu ya kijiji, walicheka sana hadi Jumapili iliyofuata. Siku hiyo Mzee Barnabas, ambaye ndiye mkuu wa kijiji na mzee wa kanisa, alitoka ibadani akaja kuangalia mpaka wa shamba letu na la jirani. Naye alikuwa na kanzu nyeupe na fimbo. Watachoka alimshika shavu la mguu hadi damu ikatoka. Basi dini zote mbili zikapatana siku hiyo, wote wakataka mbwa afe.

Mimi nilijua tangu Ijumaa ya kwanza kwamba si dini. Ni kanzu nyeupe na bakora, vikiwa pamoja. Nilijua hata ni kanzu ya nani. Lakini nilinyamaza.

Mzee Barnabas aliitisha baraza. Akaamua kwamba siku mpunga wa mwisho utakapoingia ghalani, mbwa achomwe mkuki, na sisi tukimficha tunyang'anywe shamba. Buya aliinamisha kichwa. Mimi niliinuka, mwanamke peke yangu upande ule, nikauliza, je, akipona kabla ya siku hiyo? Wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Nikangoja wamalize. Nikamwambia Mzee Barnabas kwamba siku hiyo aje yeye mwenyewe na kanzu ileile na fimbo ileile, apite mbele ya mbwa, na mbwa akionyesha jino moja tu, mkuki nitaushika mimi. Alikubali shingo upande, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama. Nikamwambia kanzu aipige pasi kabisa. Buya alinivuta nguo nikae.

Sasa sikufichi, baba, nilipofika nyumbani ndipo nilipoona nilichojitia. Nilikuwa nimeahidi kitu ambacho sikukijua hata pa kuanzia.

Aliyenionyesha pa kuanzia ni Guracha, mzee wa Kiorma ambaye hunywesha ng'ombe wake hapa mto unapopungua. Najua wewe na Waorma hamjasameheana tangu ng'ombe wao walipokula mahindi yako. Vumilia. Ana mbwa wawili wa kulinda boma na fisi, na siku moja alisimama akamtazama Watachoka kwa muda mrefu, akaniambia, "Mama, mbwa hii hapana kali. Mbwa hii naogopa." Akanieleza kwamba mbwa akiogopa huuma kabla hajaumwa. Ukimpiga unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Akasema nisimtazame machoni, nikae ubavu, nimlishe kwa mkono, na kile anachokiogopa nikiweke mbali sana kwanza, mbali kiasi cha kukiona na bado akaweza kula. Siku akiacha kukijali, nisogeze kidogo tu. Akikataa kula, nirudi nyuma.

Nikachukua kanzu ya Buya ya sikukuu nikaitundika kwenye mti mmoja uliosimama mwisho wa shamba. Mimi na Watachoka tukakaa upande huu, nikamlisha vipande vya kambare mmoja mmoja. Siku ya kwanza alikula viwili, akatazama kanzu, akagoma. Siku ya tano akala vyote. Nikasogeza kanzu hatua tano. Watu walipita wakiona mke wa Buya anakula upepo na mbwa mbele ya kanzu tupu. Walisema nimerukwa na akili. Nikawasalimu.

Hapa ndipo inapokuja habari yako, na naomba uisome taratibu. Mbwa akila mkononi hukuachia mate. Kwa hiyo kila mara tulipomaliza nilishuka mtoni, nikaosha mkono mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyotufundisha. Wakumbuka siku ile mbwa wa wapita njia aliponilamba? Nilikuwa na miaka sita. Nililia nikidhani mkono utakatwa. Ulinishika kifundo, ukanishusha mtoni, ukanipaka udongo, ukamimina maji ukihesabu kwa sauti, moja, mbili, polepole, bila kuruka. Ulipofika saba nilikuwa nimeshasahau kulia. Basi nami huhesabu hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo yako, kwa kuwa sijui kuhesabu tohara hiyo kwa namna nyingine.

Watachoka alikuwa akinifuata hadi ukingoni na kunitazama. Baada ya siku chache nikaona nikifika nne anakaa, nikifika sita analaza kidevu juu ya miguu ya mbele. Sikumfundisha mimi. Alijua mwenyewe kwamba hesabu ikianza hakuna baya litakalotokea mpaka iishe, na ikiisha vilevile hakuna baya. Nilipogundua hilo nilikaa kwenye matope nikacheka peke yangu. Tangu siku hiyo kila nilipomwona anaanza kukakamaa shingo nilihesabu, hata mkono ukiwa mkavu, naye akalegea.

Nikaweka fimbo chini ya kanzu. Kisha Buya akaivaa kanzu. Maskini Buya! Alikaa ametupa mgongo, akisoma kila aya anayoijua, na akaniapia kwamba akiumwa nyuma atanirudisha kwako kwa mtumbwi wa kwanza. Hakuumwa. Siku hizi anajisifu kwamba hakuna mtu msafi kuliko yeye mto huu mzima, maana ameoshwa mara saba saba kwa wiki sita.

Usidhani nilipita salama njia yote. Zilipobaki wiki mbili nilianza kuhesabu siku badala ya kumtazama mbwa. Asubuhi moja yenye upepo nilimwambia Buya asimame, ashike fimbo na aje moja kwa moja, vyote kwa mpigo. Upepo ukaijaza kanzu. Watachoka alipandwa na wazimu, na nilipomshika akaning'ata mkono hapa juu ya kiwiko, na mimi kwa hasira nikainua mkono mwingine kumpiga. Sikumpiga. Lakini aliuona mkono uko juu, akakata kamba akapotea siku mbili. Nililia kwa aibu. Guracha alipouona mkono wangu hakunihurumia. Aliniuliza kama ninamponya mbwa au ninashindana na Barnabas. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa amesema kweli. Mbwa aliporudi mwenyewe, tukaanza upya, kanzu mtini, mwisho wa shamba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita. Mpunga wa mwisho uliingia mchana, na kijiji kizima kikaja shambani, hata waliokuwa wagonjwa. Mzee Barnabas alikuja na kanzu imepigwa pasi kweli, na kijana mmoja nyuma yake na mkuki. Watachoka alikuwa amekaa kando yangu bila kamba. Niliifungua mwenyewe, kwa kuwa kamba ingemwambia kwamba kuna jambo la kuogopa.

Mzee alianza kuja. Alipofika hatua kumi manyoya ya shingoni yakasimama. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja. Mzee akasogea. Mbili. Tatu. Watachoka alikuwa akitetemeka hadi meno yanagongana, lakini hakuyaonyesha. Nilipofika nne, Mzee Barnabas aliinua fimbo juu ya kichwa chake. Hilo hatukupatana, baba. Alifanya hila mbele ya watu wote, naye ni mzee wa kanisa. Nilitaka kumrukia mimi mwenyewe. Lakini ningepaza sauti tu, yote yangekwisha, kwa hiyo nikakaza roho nikasema tano kwa sauti ileile. Na Buya, ambaye hana neno barazani, akasema sita pamoja nami, kisha watoto nao wakaitikia saba. Watachoka alijikojolea palepale, akalala chini, akaweka kidevu juu ya miguu ya mbele.

Fimbo ilikuwa bado juu. Nikamwambia Mzee Barnabas aishushe, mkono utamuuma. Watu walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Akaishusha. Akasema mbwa na akae. Akaongeza kwamba nisizoee kujibu wazee. Nikamwambia nimesikia.

Basi hiyo ndiyo habari ya mbwa aliyeuma watu na heshima zao. Sasa nikuambie nilivyompata. Mkono wangu unakuwa mzito hapa, lakini nimekwisha kuapa kwamba barua hii haitaondoka bila maneno haya.

Mbwa huyu ni wa Tahir.

Ndiye yule uliyemwambia Tahir achague kati yake na nyumba yako, naye akavuka mto akajenga kibanda kwenye shamba lake la mahindi. Jina Watachoka alilitoa kwa ajili ya majirani waliokuwa wakimsema na, nisamehe, kwa ajili yako pia. Homa ilipomchukua alikuwa peke yake na mbwa. Moshi haukuonekana siku tatu, ndipo wewe ukavuka mto. Nilikuwa nyuma yako, kwa kuwa mimi na Buya tulikuwa tumekuja kuwatembelea. Mbwa alikuwa amelala mlangoni, hataki mtu aingie kwa maiti. Ulikuwa na kanzu nyeupe na bakora yako ya kichwa cha shaba. Ulimpiga hadi akatoka mlangoni. Kisha ukampiga alipokwisha kutoka, na ukampiga alipokwisha kulala chini, na kila ukimpiga ulikuwa ukitaja jina la Tahir. Sijawahi kumwambia mtu. Nadhani hata wewe hukuisikia sauti yako.

Ukamwamuru Buya amfunge jiwe shingoni akamtose mtoni. Jioni, watu wakiwa matangani, uliniuliza kama imekwisha nikakujibu imekwisha. Jiwe lilitoswa, baba. Mbwa hakutoswa. Tulipoondoka alikuwa chini ya mkeka ndani ya mtumbwi, nimemkalia karibu mdomo usitoke. Ulikuja ukingoni ukainua mikono, ukatuombea tufike salama sote, nami nikaitika amina kwa watatu.

Kwa uongo ule, nakuomba radhi, na nitakuomba tena kwa mdomo. Kwa mbwa, siombi. Ulimfukuza Tahir kwa ajili yake, na mbwa huyu ndiye peke yake aliyekuwa naye alipokata roho. Sisi wawili hatukuwapo. Nisingeweza kumpeleka kwa mamba, na hata leo ukiniamuru mara mia sitaweza. Ukiona hilo ni utovu wa adabu, basi adabu yangu ina mwisho na mwisho wake ni hapo.

Lakini uje. Bakora iache nyumbani, na ukiihitaji kwa ajili ya goti basi umwachie Buya mtumbwini, naye atakushika mkono. Kanzu njoo nayo, ileile. Nitakuwa nimesimama na Watachoka juu ya ukingo. Ukishuka simama ubavu, usimtazame machoni, na uhesabu kwa sauti, polepole, bila kuruka, kama ulivyonihesabia mimi. Hesabu hiyo anaijua. Asichojua ni kwamba ni yako. Ukifika saba atakuja kukunusa. Akikulamba mkono usiogope, baba. Mto uko pale chini na udongo upo, nitakushika kifundo nikuoshe mimi.

Nisalimie shangazi Mashavu na majirani wote, na wavulana wa chuo waliokaa mbele waambie kwamba wa nyuma naye alikuwa akisikia. Ukipita kaburini kwa Tahir, msomee, umwambie mbwa wake anakula vizuri.

Ni mimi mwanao, nikungojaye,
Mwanaarusi binti Omar